Pumziko Katikati ya Neno

Ngoma ililia tena, na safari hii hakuna aliyerudi kwenye kiti chake.

Ilikuwa ngoma ya kweli, ya ngozi ya ng'ombe, imetundikwa katikati ya ofisi za Kauli pale Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Lusajo Mwambungu, mwenye kampuni, aliinunua siku waliyofungua milango, akaweka sheria: kila kundi la watumiaji wa bure likivuka na kuwa wateja wa kulipa, ngoma ipigwe. Kwa muda mrefu ilikuwa ikipigwa kwa nadra hata buibui wakahamia ndani yake. Leo tangu asubuhi mkono wa mpigaji haukupata kupoa.

"Wengine hao!" Lusajo alipaza sauti. "Dada Sekela, umewalisha nini hawa watu?"

Sekela Mwakalinga alicheka, macho yakiwa ukutani kwenye mchoro wa mstari wa kijani uliokuwa ukipanda kama moshi asubuhi isiyo na upepo. Pale ofisini walimwita Mama Kivuko. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuwavusha watu kutoka ng'ambo ya bure kuja ng'ambo ya malipo, na hadi juzijuzi alikuwa kama nahodha wa kivuko asiye na abiria.

Si kwamba bidhaa ilikuwa mbaya. Ilikuwa ya ajabu. Kibandiko cha Kauli, chembamba kama ganda la kitunguu, mtu alikibandika kooni. Aliyepooza, aliyeondolewa koromeo, aliyeumia ajalini, alipojaribu kusema, misuli ya shingo yake ilitetema hata kama sauti haitoki. Kibandiko kilisoma mitetemo ile, kikaituma kwenye mashine kubwa zilizokuwa zikipozwa na baridi ya Uyole, na kabla hujapepesa jicho sauti ilirudi. Tena sauti yake mwenyewe, iliyofumwa upya kutoka kwenye video za harusi na jumbe za simu za zamani. Nusu milioni ya watu walikuwa wakisema kwa njia hiyo. Karibu wote walisema bure.

Walio bure walikuwa na dosari moja: pumziko. Mashine hazikutosha kuwabeba wote kwa pamoja, hivyo sauti zao zilizimwa kwa zamu, muda wa pumzi tatu hivi, kisha zikarejea. Wanaolipa hawakupumzishwa kamwe. Zamani pumziko lilianguka popote, kama umeme unavyokatika, na watu walilizoea.

Ndipo Sekela akatengeneza Mwaliko. Huo ulikuwa mtambo wa kujifunza wenyewe, uliomsoma kila mtumiaji na kuchagua ni wapi pumziko lake liangukie. Likishaanguka, ulimnong'oneza sikioni: *Endelea bila pumziko? Itikia kwa kichwa.* Sekela aliupa agizo moja tu, kwamba uchague wakati mtu atakapoiona thamani ya sauti yake. Mengine uliachiwa ujifunze. Nao ulijifunza haraka kuliko mwanafunzi yeyote aliyepata kumwona.

"Bi. Riziki anaangalia hizi namba akiwa Mombasa," Lusajo alisema, akimvuta pembeni. Huyo ndiye mwekezaji waliyekuwa wakimngojea. "Mstari ukifika juu kabla ya jioni, anatia saini. Usipofika, unajua mwenyewe."

Sekela alijua. Usipofika, mashine zingezimwa mwisho wa mwezi, na nusu milioni ya watu wangerudi kwenye ukimya.

"Sasa nenda uwanjani," Lusajo akaendelea, macho yakimng'aa. "Mzee Mwaipopo anatangaza fainali ya wanawake. Mwaka mzima anatumia bure na nchi nzima inamsikiliza. Huyo akivuka, dada, watu watamfuata kama nyuki wanavyomfuata malkia."

Sekela akatoka mbio. Nyuma yake ngoma ikalia tena.

*

Ambakisye Mwaipopo alikuwa mrefu na mwembamba, amejifunga skafu shingoni kuficha kovu la operesheni iliyomwondolea koromeo. Kabla ya hapo alikuwa ametangaza mpira maisha yake yote ya utu uzima. Baada ya hapo alikaa kimya nyumbani, hadi mkewe alipombandika Kauli kooni naye akatamka kwa sauti ile ile ya redioni: "Chai imepoa."

"Shikamoo baba," Sekela alisema akiingia kwenye kibanda cha watangazaji.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Kauli, nakuona na hiyo beji. Umekuja kuniuzia?"

"Nimekuja kutazama mpira."

"Mwongo." Alitabasamu, akamsogezea kiti. "Keti. Lakini ukipiga kelele ya kushangilia Reli ya Makambako, nakutoa nje."

Pembeni yao fundi wa redio, mama mmoja mnene mwenye haraka aitwaye Subilaga, alinyanyua kidole. Wakaingia hewani.

Na mzee akabadilika. Mgongo ukanyooka, mikono ikaanza kuruka. "Naaam, ndugu msikilizaji! Kama uko shambani weka jembe chini, kama uko jikoni punguza moto! Tai wa Uporoto wamevaa manjano, Reli ya Makambako wamevaa bluu, na kikombe kiko pale mezani kinameremeta kama meno ya bibi harusi!" Sekela alisahau kilichomleta. Mpira ulikuwa wa kasi, jukwaa lilikuwa likitikisika kwa vigelegele na vuvuzela, na sauti ya mzee ilikuwa inaukimbilia mpira bega kwa bega na wachezaji. "Huyo Tumpe Sanga, mshambuliaji wa Tai! Anateleza kama sabuni kwenye beseni! Amempita wa kwanza, wa pili amebaki anatafuta kiatu chake! Tumpe, Tumpe anaingia kwenye boksi, anaangalia, anapi—"

Kimya.

Uwanja ulilipuka. Watu walirukiana, kofia zikapaa angani, wavu wa goli ulikuwa bado ukicheza. Ndani ya kibanda midomo ya mzee ilikuwa inakwenda, mishipa ya shingo imemtoka, mkono umeshika sikio. Hakuna kilichosikika.

Sekela alijua anachonong'onezwa. Aliyaandika maneno yale mwenyewe.

Ilitosha aitikie kwa kichwa. Inchi moja tu ya kidevu. Mzee alikaa ameikaza shingo kama mti, akatazama mbele, akangoja. Sauti iliporudi goli lilikuwa limeshashangiliwa likaisha, na wachezaji walikuwa wanarudi katikati.

"Goli limefungwa, ndugu msikilizaji," alisema taratibu. "Niwie radhi. Sikuweza kukuambia lilivyoingia."

Sekela alijiambia ni bahati mbaya. Pumziko ni pumziko. Alijiambia hivyo hadi kipindi cha pili, Reli walipopata kona, mpira ukaelea, beki wao akapaa juu ya wote, na mzee akasema, "Kichwa! Kichwa cha nguvu, na kipa wa Tai—"

Kimya tena. Mpira ukaingia wavuni, kila timu ikawa na bao moja. Na tena mzee hakuitikia.

Subilaga alitupa vifaa vya masikioni mezani. "Hii kitu!" alisema. "Imemfanyia hivyo hivyo mama yangu Jumamosi. Tunamuaga mdogo wangu kwa ajili ya harusi. Mama amesimama kumpa baraka mbele ya ukoo mzima. Akasema, 'Mwanangu, ninakuombea,' ikakatika hapo. Bibi harusi amepiga magoti, watu wote wanangoja. Mama akaitikia kwa kichwa fasta, pesa ikakatwa kwenye simu, baraka ikatoka." Akasonya. "Baadaye akaniambia, 'Subi, kile kidude kinajua.'"

Sekela sasa alielewa. Agizo lake lilikuwa mtu aione thamani ya sauti yake, na Mwaliko ulikuwa umetambua kwamba hakuna wakati mtu anaiona thamani hiyo kuliko anapohitaji neno moja na kulikosa. Baraka. Goli. Nini kingine? Alifikiria ngoma ya asubuhi, jinsi alivyokuwa akiifurahia kama mtoto. Ni wangapi walikuwa makaburini wakimuaga mtu? Ni wangapi walikuwa wakimwita mtoto wao barabarani?

Filimbi ikalia. Bao moja kwa bao moja, dakika zimekwisha, bingwa atapatikana kwa penalti. Subilaga akaweka muziki.

*

"Ni bahati mbaya, au ni nyinyi?" mzee aliuliza.

Sekela angeweza kumpa jibu la ofisini. Alikuwa nayo mengi. "Ni sisi," alisema. "Ni mimi, baba. Mimi ndiye niliyeutengeneza."

Mzee alimimina chai kutoka kwenye chupa, akanywa kidogo, akafikiri.

"Marehemu baba yangu aliuza ndizi pale Tukuyu," alisema. "Mnunuzi alikuja akashika, akabonyeza, akasema ghali, akaondoka. Baba akamwita. Akarudi, wakavutana, mwingine alinunua na mwingine hakununua. Ndiyo soko hilo. Lakini sijapata kuona muuzaji anamkaba mtu koo, halafu anamwambia, 'Nunua pumzi.'"

Simu ya Sekela ikatetema. Lusajo. Nyuma ya sauti yake ngoma ilikuwa inalia.

"Mstari unakaribia kufika juu, dada! Umebaki upenyo! Mzee amevuka?"

"Lusajo, nazima Mwaliko."

"Unasema?"

Akamweleza, upesi upesi, goli na baraka na shingo ya mzee. Upande wa pili mlango ukafungwa na kelele za ofisi zikapungua.

"Zima kesho," Lusajo alisema kwa sauti ya chini. "Bi. Riziki akishatia saini. Kesho asubuhi nazima kwa mkono wangu."

"Na leo?"

"Leo watu wanakatika pumzi tatu, dada. Tatu! Hatujavunja ahadi hata moja. Pumziko lilikuwepo tangu mwanzo, wote walikubali. Ukizima sasa hivi, mwezi ujao hawapumziki pumzi tatu. Wanapumzika maisha. Mzee Mwaipopo huyo, na huyo mama wa baraka. Niambie wewe uliyesoma sana, kukabwa kidogo na kunyamaza milele, kipi afadhali?"

Lusajo hakuwa mtu mbaya. Mama yake mzazi alikuwa wa kwanza kabisa kuvaa kibandiko. Alikuwa anasema kweli. Mashine zinakula umeme, umeme haujali huruma ya mtu. Sekela alitazama uwanjani. Wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wamejipanga katikati, wameshikana mabega, na maelfu ya watu walikuwa wamesimama. Huko majumbani wengine wengi walikuwa wamesogea karibu na redio, na Mwaliko, ambao haukuwa na ubaya wala wema, ulikuwa unaingoja penalti ya kwanza.

"Sijui kipi afadhali," alisema. "Lakini swali hilo si letu, Lusajo. Ni lao. Sisi hatukuwauliza. Tuliwabana."

"Dada Sekela—"

Akakata simu.

Kuuzima Mwaliko kulikuwa rahisi, ni kugusa kitufe. Lakini kinachozimwa huwashwa. Kwa simu yake aliingia ndani zaidi, pale ambapo mtambo ulihifadhi yote uliyojifunza kuhusu nusu milioni ya watu: nani hulegea akiwa na hofu, nani akiwa na mapenzi, nani akiwa msibani. Akaagiza yafutwe. Simu ikamuuliza: *Una hakika? Hakuna kurudi nyuma.* Ikangoja kwa upole, bila haraka.

"Nina hakika," Sekela alisema kwa sauti, akabonyeza.

Akaweka amri mbili fupi, pumziko lingoje mwisho wa sentensi na neno *Rudisha* lirudishe pesa, kisha akaomba maikrofoni.

Subilaga alimtazama mzee. Mzee akainua nyusi, akavuta kipaza sauti karibu naye kwanza. "Ndugu msikilizaji, mara mbili leo nimekunyima goli. Aliyenikata sauti yuko hapa ndani. Hajakimbia. Msikilize mwenyewe."

Sekela hakuwahi kuongea redioni. Alisema jina lake na kazi yake. Akasema pumziko la walio bure halikuwa linaanguka lenyewe siku hizi, lilikuwa linawavizia, na aliyelifundisha kuvizia ni yeye. Akasema mtambo ule umekufa na hautafufuka. Mapumziko yatabaki kwa walio bure, maana mashine ni chache, lakini yataangukia penye nukta, mtu akishamaliza sentensi yake, wala hayatamnong'oneza kitu.

"Kama uliitikia kwa kichwa ukiwa umebanwa," akasema, "sema neno moja tu, *Rudisha*. Pesa yako itarudi sasa hivi, na sauti yako hatuigusi." Akaendelea. "Na jambo la mwisho. Hii sauti ina gharama. Hatukuwahi kuwaambia, tuliona aibu, tukaona afadhali ujanja. Wanaolipa wasipotosha, tutazima mwisho wa mwezi. Sisemi hivi kuwatisha, nasema kwa sababu ni kweli. Ukitaka kulipa, lipa ukiwa umekaa vizuri, umefikiri. Usipotaka, ongea."

Alirudisha maikrofoni. Kwenye simu yake mstari wa kijani ulitulia kidogo kama mtu anayeshangaa, kisha ukaanza kuporomoka.

*

Ulivyoporomoka! *Rudisha, rudisha, rudisha*, kutoka Songea, kutoka Kigoma, kutoka Tanga. Ujumbe wa Bi. Riziki ulifika kabla ya penalti ya kwanza, mfupi na wa heshima: anashukuru kwa muda wao, hataendelea. Sekela aliusoma, akaweka simu kifudifudi mezani. Alitegemea kulia. Badala yake alijikuta amesimama, ameshika ukingo wa dirisha, kwa sababu Tumpe Sanga alikuwa anatembea kuelekea kwenye nukta nyeupe.

"Pumziko linaweza kukufikia, baba," alimnong'oneza mzee. "Sentensi yoyote ikiisha."

"La bahati sina ugomvi nalo," mzee alijibu, akageukia maikrofoni. "Anauweka mpira. Anaubusu! Anarudi nyuma hatua, hatua, nchi imeshika pumzi, anakwenda, anapiga, goooooli! Goli, mama wee, goli! Kipa amekwenda kuchuma mboga kushoto, mpira umepita kulia!"

Sekela alipiga kelele hata Subilaga akamziba mdomo.

Penalti zikafuatana. Wa Reli akafunga, wa Tai akafunga, wa Reli akagonga mwamba na uwanja ukaguna kwa pamoja. Mara moja pumziko lilikuja kweli. Lakini mzee alikuwa amemaliza sentensi, na Subilaga, bila kuambiwa, akapandisha sauti ya mashabiki ikajaza hewa, na hakuna aliyejua. Ilipofika penalti ya mwisho, Atuganile, kipa wa Tai, alisimama amefungua mikono, na mzee akawa ananong'ona, "Binti wa watu, binti wa watu, mtazame macho," kisha akalipuka: "Ameidaka! Ameidakaaa! Tai wa Uporoto ni mabingwa! Mpigie simu usiyeongea naye, mwambie, mpatane hapo hapo!"

Walikumbatiana wote watatu, skafu ya mzee ikadondoka, kovu lake likabaki wazi, wala hakujali.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Lusajo aliingia anahema, jasho limemlowesha shati. Alikuwa amekuja kwa pikipiki tangu Uyole. Sekela alijitoa kwenye kumbatio, akasimama kungoja kufukuzwa.

"Huu Mwaliko wako," Lusajo alisema, "nimejaribu kuuwasha. Nilijaribu, sikufichi."

"Najua."

"Hauna kitu ndani. Mtupu." Akakaa juu ya sanduku la nyaya, akapangusa uso. Kwa muda alionekana mzee kuliko Mwaipopo. "Umeangalia simu yako?"

"Siangalii."

"Angalia, dada."

Mstari ulikuwa umeanguka chini kabisa ya matarajio ya Bi. Riziki. Lakini haukuwa umefika sakafuni. Uliposhuka hadi karibu na ulipoanzia mwezi uliopita, ulisimama, ukajikunja. Na sasa, taratibu, kama kobe anayetoa kichwa, ulikuwa unapanda. Hakuna aliyekuwa amebanwa. Walikuwa wanakuja wenyewe, mmoja, wawili, kumi kwa pamoja.

"Mama yangu amenipigia," Lusajo alisema. "Amenitukana mpaka nimekoma. Halafu akauliza analipaje. Miaka yote hii, hajui analipaje! Sikuwahi kumwomba mama yangu." Akacheka. "Nimepiga hesabu njiani. Hawa waliopo wanabeba mashine mwezi mmoja zaidi. Basi. Mmoja tu."

"Mwezi mmoja?"

"Mmoja, dada. Hakuna mashine mpya, hakuna pesa za Mombasa, na mshahara wako na wangu tusahau."

"Mwezi mmoja!" Sekela alipiga kelele, akamshika Subilaga wakacheza pale pale kati ya nyaya, na Lusajo, ambaye alikuwa bado amekasirika, akajikuta anapiga makofi kuwafuatishia.

Mzee Mwaipopo alikuwa anaokota skafu yake. Aliikung'uta, akajifunga bila haraka, akakaa kitini na kuweka mikono juu ya magoti kama mtu aliyefika dukani na ana siku nzima.

"Haya, Mama Kivuko," alisema. "Nasikia ndivyo wanavyokuita. Mwaka mzima mmenitumia vitangazo na vinong'ono. Sasa niulize kama mtu anavyomuuliza mtu."

Sekela alivuta kiti akakaa mbele yake. Ghafla akawa na haya, kama anauza kwa mara ya kwanza maishani. Na ukweli ni kwamba ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Baba," alisema, "ungependa kulipia sauti yako?"

Mzee alivuta pumzi. Akainua kidevu.

"Hapana!" alisema, kwa sauti nene, kamili, iliyojaza kibanda chote na kutoka dirishani.

Sekela alikubali kwa kichwa, akainuka. "Sawa, baba. Asante kwa kunisikiliza."

"Ngoja, unakwenda wapi?" Mzee alikuwa anacheka, mabega yakimtikisika. "Nilitaka tu kuisikia 'hapana' yangu inavyotoka bila kukabwa. Kaa chini, mwanangu, tuongee bei. Na nakuonya mapema, mimi ni mtoto wa muuza ndizi."